Mhasibu anasema ni kuepuka, si kukwepa: mpaka wa kodi uko wapi?

Swali: Mimi na mume wangu tuna kampuni ndogo ya kutengeneza samani. Mhasibu wetu mpya ametuletea njia sita za kupunguza kodi: kumlipa mume wangu mshahara ingawa hafiki karakana, kununua mashine kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, kuigawa biashara kuwa kampuni mbili ili hata moja isifikie kiwango cha kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kusajili kampuni nyingine katika nchi yenye kodi ndogo ili itutoze mrabaha wa kutumia nembo yetu wenyewe, kutowakatia risiti wateja wa taslimu wanaotaka punguzo, na kuchukua ankara za "ushauri" kutoka kwa rafiki yake, ambaye atabaki na asilimia 10 na kuturudishia zilizobaki. Anasema zote ni kuepuka kodi wala si kukwepa, kwa hiyo hakuna kosa. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Katika hizo sita, moja ni halali bila ubishi, tatu zitasimama au kuanguka kulingana na mtakavyozitekeleza, na mbili za mwisho ni udanganyifu mtupu. Hukusema mko nchi gani, kwa hiyo nitajibu kwa misingi inayofuatwa na sheria nyingi za kodi, na kila nitakapotaja hukumu au adhabu nitasema ni ya wapi. Viwango na fomu mtavisoma katika sheria ya kwenu.

Tuanze na maneno yenyewe, maana mhasibu wenu anayachezea. Katika mazungumzo ya kila siku kuepuka na kukwepa hupokezana nafasi, na magazeti huandika "kukwepa kodi" kwa yote mawili. Lakini lugha yetu inayatenga vizuri kuliko tunavyojali. Ugomvi unauepuka kwa kutokwenda ulipo. Ngumi unaikwepa ikiwa imesharushwa. Kodi nayo ni vivyo hivyo. Anayeepuka hupanga mambo yake kabla ya tukio linalozaa kodi, kwa hiyo deni ama halizaliwi, ama huzaliwa dogo. Anayekwepa ameshadaiwa, kwa kuwa ameuza, amepata faida au amelipa mishahara, kisha anaficha au anasema uongo ili asilipe.

Kipimo hicho cha wakati kinasaidia, ila peke yake hakitoshi, kwa sababu hata uongo unaweza kupangwa mapema. Kiongezeeni cha pili: mkimwekea mkaguzi karatasi zote mezani, na karatasi hizo zikaeleza kilichotokea kama kilivyotokea, je, hesabu yenu ya kodi bado inasimama? Ikisimama, mnaepuka. Ikiwa inasimama kwa sharti kwamba kuna jambo moja mkaguzi asilijue, mnakwepa. Kiasi cha kodi kilichookolewa hakiingii kabisa katika kipimo hiki. Kampuni kubwa inaweza kupunguza mamilioni kihalali, na muuza duka akavunja sheria kwa mauzo ya siku moja.

Sasa, wengi husimulia habari hii kana kwamba kuna vyumba viwili tu, cha kuepuka na cha kukwepa. Viko vitatu, na cha katikati ndicho kinachowaumiza wafanyabiashara waaminifu. Humo mna mipango isiyo na uongo hata mmoja, lakini sheria inakataa kuitambua kwa sababu haina maana yoyote nje ya kupunguza kodi.

Hukumu mbili za mwaka 1935 zinakichora chumba hicho pande zote mbili. Uingereza, Duke wa Westminster aliwalipa watumishi wake, mtunza bustani akiwa mmoja wao, kwa hati ya ahadi ya malipo ya kila mwaka badala ya mshahara. Sababu ilikuwa wazi: malipo ya hati yaliruhusiwa kukatwa katika mapato yake, mshahara wa mtumishi wa nyumbani haukuruhusiwa. Mamlaka ya kodi ikadai kwamba huo ni mshahara uliovishwa kanzu nyingine, ikashindwa. Majaji wa ngazi ya juu kabisa walisema kila mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili kodi impate kidogo, na hati ile ilikuwa ya kweli. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Bi Gregory. Kampuni yake ilikuwa na hisa za kampuni nyingine, naye alitaka hisa hizo zifike mikononi mwake bila kutozwa kodi ya gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa. Akaunda kampuni mpya, akaihamishia hisa, na siku ya sita tangu kuundwa akaivunja. Hisa zikamfikia, akaziuza. Kila hatua ilifuata maandishi ya sheria. Mahakama ilikubali kwamba nia ya kupunguza kodi si kosa, lakini ikasema kampuni iliyozaliwa ili ife haikuwa na kazi yoyote ya kibiashara, na kodi ikatozwa kana kwamba haikuwapo. Angalieni matokeo yake: alilipa kodi, hakushtakiwa kwa jinai. Hakuwa amemdanganya mtu.

Tangu hapo maji yamekuwa yakienda upande wa Gregory. Mwaka 1981, katika shauri la Ramsay, majaji wa Uingereza walikubali kuutazama mnyororo mzima wa hatua zilizopangwa pamoja, badala ya kila hatua peke yake. Australia iliandika kanuni ya jumla dhidi ya uepukaji mwaka huohuo, Canada mwaka 1988, Uingereza mwaka 2013, na Marekani iliingiza kipimo cha uhalisia wa kiuchumi katika sheria yake mwaka 2010. Maneno yao yanatofautiana, ila maswali yanafanana: ukiiondoa kodi katika hesabu, je, hali yenu ya kiuchumi imebadilika? Kuna sababu ya kibiashara iliyowasukuma? Mtu mwenye akili timamu angefanya hivi kama kodi isingekuwapo? Kwa hiyo mtu akiwaambia "Duke alishinda", anawasomea nusu ya historia.

Turudi kwenye orodha yenu.

Mashine ndiyo rahisi kuliko zote. Sheria yenyewe inawaalika kununua vifaa na kukata uchakavu wake, na kuamua kununua mwezi huu badala ya ujao ni haki yenu. Tuseme mashine ni 80,000, kodi ni asilimia 30, na sheria yenu inaruhusu kukata gharama yote mwaka wa kwanza: mtapunguza kodi ya 24,000. Ikiruhusu robo tu, mtapunguza 6,000 mwaka huu na nyingine baadaye, maana mara nyingi faida ya njia hii ni kuahirisha kodi, si kuifuta. (Na asiyehitaji mashine asitoe 80,000 ili kuokoa 24,000. Linasikika kama jambo la wazi, lakini kila mwisho wa mwaka lina wahanga wake.) Kinachoharibika hapa ni tarehe. Kwa kawaida sheria hutaka kifaa kiwe chenu na kiwe tayari kutumika kabla ya siku ya kufunga hesabu. Mkilipa malipo ya awali siku tatu kabla na mashine ikafika wiki mbili baadaye, mmechelewa. Mkimwomba muuzaji aandike tarehe ya nyuma kwenye hati ya kupokelea mzigo, mmetoka chumba cha kwanza mkaingia cha tatu kwa kalamu moja tu.

Hilo la tarehe linastahili kusisitizwa kwa sababu ndilo daraja ambalo watu wengi hulivuka bila kujua. Mkataba unaweza kusema "makubaliano haya yanaanza tarehe mosi ya mwezi uliopita", ikiwa kweli mlikuwa mkitenda hivyo tangu siku hiyo. Lakini tarehe ya kutia saini lazima iwe ile mliyotia saini. Waraka unaoeleza kikao ambacho hakikufanyika, au saini iliyowekwa leo kwa jina la jana, hubadilisha mpango ambao pengine ungekataliwa tu, ukawa kesi ya kughushi.

Mshahara wa mume wako. Kutofika karakana si tatizo. Kutofanya kazi ndilo tatizo. Akiwa anapokea oda kwa simu, anafuatilia madeni na kuandaa malipo ya wafanyakazi akiwa nyumbani, hiyo ni kazi, na kampuni inaruhusiwa kuilipia. Swali linalobaki ni kiasi. Katika shauri la Copeman la mwaka 1941, Uingereza, kampuni ya wafanyabiashara wa nguruwe ilimlipa binti wa familia mwenye miaka 17, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea simu, pauni 2,600 kwa mwaka, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Mahakama ilisema kuyaita malipo "ujira" hakumalizi maneno; lazima ichunguzwe ni kiasi gani kililipwa kwa ajili ya biashara, na kinachozidi hakikatwi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Andikeni mkataba wa kazi wenye majukumu yanayotajika. Tafuteni mngemlipa mgeni kiasi gani kwa saa hizo na kazi hiyo, mhifadhi ushahidi wake, hata kama ni matangazo matatu ya ajira. Lipeni kwa benki kila mwezi, si kwa mkupuo wa mwisho wa mwaka baada ya kuona faida. Kateni kodi ya mshahara na michango ya hifadhi ya jamii kama kwa mfanyakazi mwingine yeyote. Na fedha zikishaingia kwake zisirudi kwenye kampuni kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mkaguzi atasoma taarifa za benki za pande zote mbili. Kama hafanyi kazi yoyote, mshahara huo ni gharama ya uongo na hauna dawa.

Ipo njia nyingine inayofaa kupimwa: mume wako amiliki hisa za kawaida na apate gawio. Mwaka 2007, katika shauri la Jones dhidi ya Garnett, mume alikuwa mtaalamu wa kompyuta aliyeingiza karibu mapato yote, na mke alifanya kazi za ofisi saa chache kwa wiki huku akimiliki nusu ya hisa. Mamlaka ya kodi ya Uingereza ilitaka gawio la mke litozwe kwa mume, ikashindwa katika ngazi ya juu kabisa. Lakini msiige bila kusoma sheria ya kwenu. Canada, kwa mfano, hutoza kodi kwa kiwango cha juu mapato yanayogawiwa ndugu asiye na mchango wa kutosha katika biashara, na tangu 2018 kanuni hiyo inawagusa hata watu wazima.

Kuigawa biashara ndiko kunakowakaanga wengi, kwa sababu nyaraka huwa safi kabisa. Kampuni mbili zimesajiliwa, kila moja ina cheti chake, na kila moja iko chini ya kiwango cha VAT. Lakini mkaguzi haangalii vyeti. Anauliza karakana ni moja au mbili, mashine ni za nani, fundi huyohuyo analipwa na nani, simu na akaunti ya benki ni ngapi, na mteja anajua ananunua kwa nani. Majibu yote yakielekea mahali pamoja, biashara ni moja. Sheria nyingi humpa mkuu wa mamlaka uwezo wa kuzihesabu kampuni hizo kama mlipakodi mmoja.

Na hesabu yake huuma. Tuseme mauzo ya pamoja yalikuwa 200,000 katika kipindi mlichopaswa kuwa mmesajiliwa, na VAT ni asilimia 20. Wateja walishalipa na kuondoka, kwa hiyo bei mliyopokea huchukuliwa kuwa na kodi ndani yake: 200,000 mara 20 gawanya kwa 120, yaani 33,333. Hizo zinatoka mfukoni mwenu, kabla ya riba na faini. Mgawanyo unasimama pale tu biashara zikiwa mbili kweli, kwa mfano moja ikiuza mbao na nyingine ikitengeneza samani, kila moja na eneo lake, vitabu vyake na hatari zake, na zikiuziana kwa bei ambayo mgeni angelipa. Kabla ya kuhangaika hivyo, pigeni hesabu ya kujisajili kwa hiari. Kama wateja wenu wengi ni makampuni yaliyosajiliwa, wao watarejeshewa VAT mtakayowatoza, nanyi mtarejeshewa iliyo kwenye mbao, gundi na ile mashine. Mara nyingi kukimbia usajili ni kukimbia fedha zako mwenyewe.

Kampuni ya nje na mrabaha. Hapa mhasibu wenu ameiga mbinu ya makampuni makubwa bila kubeba gharama zake. Wazo ni hili: nembo imilikiwe na kampuni iliyo mahali penye kodi ndogo, kampuni yenu iilipe mrabaha, faida ihame. Vizuizi vimejipanga kama uzio juu ya uzio.

Cha kwanza ni mahali kampuni inapoongozwa. Tangu shauri la De Beers la mwaka 1906, ambapo kampuni iliyosajiliwa Afrika Kusini ilitozwa kodi Uingereza kwa sababu maamuzi yake makubwa yalifanywa London, nchi nyingi huitazama kampuni kuwa mkaazi wa mahali inapoendeshwa, si pa cheti chake tu. Ninyi wawili mkiamua kila kitu mkiwa mezani kwenu, kampuni hiyo ya nje iko mezani kwenu. Cha pili ni bei: malipo kati ya kampuni ndugu lazima yafanane na ambayo watu wasiohusiana wangekubaliana. Nani aliitengeneza nembo, nani anaitangaza, nani anailinda? Kama ni ninyi, kampuni ya nje haina cha kulipwa. Cha tatu ni kodi ya zuio, yaani inayokatwa na mlipaji kabla ya kulipa, kwenye mrabaha unaovuka mpaka, ambayo inaweza kula sehemu kubwa ya mlichotarajia kuokoa. Cha nne ni kanuni zinazoiruhusu nchi ya mwenye hisa kumtoza kodi kwa faida ya kampuni yake ya nje isiyo na shughuli.

Je, haiwezekani kamwe? Inawezekana. Katika shauri la Cadbury Schweppes la mwaka 2006, kuhusu kampuni tanzu zilizokuwa Dublin kwa ajili ya kodi ndogo, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kufuata kodi ndogo peke yake si ubaya. Kinachoweza kukataliwa ni mpango wa kubuni mtupu, na ushahidi wa kampuni ya kweli ni ofisi, watumishi na vifaa vinavyoonekana. Jumlisheni gharama ya hivyo vitatu, ongezeni mhasibu na mwanasheria wa kule, kisha linganisheni na kodi ya karakana ndogo. Kwa maoni yangu kwenu haifai, hata pale inapokuwa halali.

Na ikifichwa, si halali tena. Msitegemee usiri wa benki. Mwaka 2009 benki ya UBS ya Uswisi ilikubali kulipa dola milioni 780 na kukabidhi Marekani majina ya wateja, na tangu 2017 taarifa za akaunti za wageni katika benki za nchi nyingi hupelekwa, kupitia mamlaka za kodi, kwenye nchi za wageni hao kila mwaka, bila kuombwa, kwa utaratibu ulioidhinishwa mwaka 2014 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi. Kusahau kuitaja akaunti hiyo kwenye ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato, ndilo jambo mtakaloulizwa kwanza.

Sasa zile mbili ambazo hazina utetezi.

Kutokata risiti ni kuficha mauzo, basi. Watu hudhani taslimu haiachi alama. Huacha, kwenye manunuzi. Kama mlinunua mbao na vifaa vya 600,000 na biashara za aina yenu huongeza asilimia 25 juu ya gharama hiyo, mkaguzi anatarajia mauzo ya 750,000. Mmeandika 640,000? Pengo la 110,000 litawasubiri mlieleze, na katika nchi nyingi mzigo wa kueleza ni wenu. Ataangalia pia amana za benki, na mali mliyonayo mwanzo na mwisho wa mwaka ikilinganishwa na mapato mliyotangaza. Njia hiyo ya mwisho ilikubaliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani katika shauri la Holland mwaka 1954. Mapengo ya kweli yapo, kama mbao zilizooza, oda iliyorudishwa au wizi. Yaandikeni siku yanapotokea. Baada ya miaka mitatu hakuna atakayeyaamini.

Ankara za rafiki ni mbaya zaidi. Mnalipa 100,000, yeye anabaki na 10,000, mnarudishiwa 90,000 mkononi. Mmekata gharama isiyokuwapo, pengine mmedai VAT ambayo hamkustahili, mmetumia waraka wa uongo, na sasa mna 90,000 zisizo na historia. Zikiingia benki au zikanunua kiwanja, huenda mkakutana na sheria ya utakasishaji fedha, kwa sababu tangu 2012 viwango vya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, vinazitaka nchi zihesabu makosa makubwa ya kodi kuwa chanzo cha fedha haramu. Kukamatwa kwake pia ni kwepesi. Ankara ina pande mbili, na mifumo ya kielektroniki hulinganisha ya mnunuzi na ya muuzaji. "Ushauri" usio na ripoti, barua pepe wala kikao, uliotolewa na mtu asiye na mfanyakazi hata mmoja, kwa tarakimu kamili zinazoishia na sifuri tupu, hujitangaza wenyewe. Tena muuza ankara hawi na mteja mmoja: siku akikamatwa yeye, orodha ya wateja wake ndiyo kitu cha kwanza atakachoombwa.

Tofauti ya vyumba hivi vitatu huonekana vizuri zaidi kwenye adhabu. Uingereza, kosa la uzembe kwenye ritani huleta faini ya hadi asilimia 30 ya kodi iliyopungua. La makusudi, hadi asilimia 70. La makusudi lililofichwa, hadi asilimia 100. Muda wa kurudi nyuma nao hurefuka: miaka 4 kwa kawaida, 6 kwa uzembe, 20 kwa makusudi. Marekani, uzembe au upungufu mkubwa wa kodi una nyongeza ya asilimia 20, na muda wa kawaida ni miaka 3. Udanganyifu una nyongeza ya asilimia 75, hauna ukomo wa muda, na kukwepa kwa jinai kunafikia kifungo cha miaka 5. Kwa mipango isiyo na uhalisia wa kiuchumi nyongeza ni asilimia 20 kama uliieleza wazi kwenye ritani, na 40 kama hukuieleza. Yaani mpango uleule, ukitajwa, faini inapungua nusu. Ndiyo maana mkiwa na shaka juu ya jambo la chumba cha kati, litajeni kwenye ritani yenyewe.

Kinachotenganisha makosa na jinai ni nia, na nia husomwa kwenye matendo. Katika shauri la Spies la mwaka 1943 mahakama ya Marekani ilitaja mifano: kuweka vitabu viwili vya hesabu, kuandika ingizo au ankara za uongo, kuharibu kumbukumbu, kuficha mali au chanzo cha mapato. Utetezi wa "sikujua" upo. Mwaka 1991, katika shauri la Cheek, mahakama hiyo ilisema imani ya kweli kwamba hudaiwi inaweza kufuta nia ovu hata kama imani yenyewe haina mantiki. Lakini kuijua sheria na kuona tu kwamba ni batili hakumwokoi mtu, na mshtakiwa yule alitiwa hatiani tena kesi iliporudiwa. Kwenu utetezi huo umekwisha tangu mlipoandika swali hili.

Kuhusu mhasibu: saini kwenye ritani ni yenu. Kumtegemea mtaalamu kunapunguza adhabu pale tu alipokuwa na sifa, mkampa ukweli wote, na mkafuata alichosema. Mwombeni aandike kila njia kwenye barua yenye jina lake, akitaja kifungu cha sheria kinachoiruhusu, mambo ya kweli anayoyategemea, na kitakachotokea mamlaka ikikataa. Kwa mashine ataandika aya mbili bila kusita. Kwa ankara hataandika. Mtazameni pia anavyolipwa na anavyozungumza: Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2018 la kuripoti mipango ya kodi inayovuka mipaka, umeweka masharti ya usiri na ada inayopimwa kwa kodi iliyookolewa kati ya dalili za kuangaliwa. Nyaraka za kiwanda, zinazouzwa kwa kila mteja kwa kubadilisha jina, ni dalili nyingine ya agizo hilohilo.

Kama kuna lolote mlilokwisha anza, acheni leo, ila msichane wala kufuta kitu. Karatasi mbaya iliyohifadhiwa inaelezeka, iliyochanwa haielezeki. Nendeni kwa mwanasheria wa kodi kabla ya kuzungumza zaidi na mhasibu huyo, kwa kuwa katika nchi nyingi mazungumzo na wakili yana ulinzi ambao ya mhasibu hayana. Pigeni hesabu ya kodi iliyopungua kwa kila kipindi, pamoja na riba, kisha mrekebishe ritani au mtumie utaratibu wa kujitangaza kwa hiari kama upo. Thamani ya hatua hiyo hushuka sana siku mtakapopokea barua ya ukaguzi. Na kama kuna ankara ya rafiki yake hata moja iliyokwisha ingia kwenye ritani ya VAT, hiyo ndiyo ya kuanza nayo: ritani hizo huwasilishwa mara nyingi kwa mwaka, na nusu ya pili ya ankara hiyo iko kwa mtu ambaye hamna uwezo wa kumzuia asiseme.